Madam, umeshawahi kufika kule juu?

Mwaka jana nikiwa field kwenye shule moja ya kata mjini Morogoro, nilifundisha mvua za milima. Nilichora ubaoni kama nilivyochorewa mimi: pembetatu ndiyo mlima, mishale ndiyo upepo, vidoti ndiyo mvua, na upande wa pili nikaandika "ukame". Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anatazama dirishani, ambako milima ya Uluguru imesimama mchana kutwa.

"Madam, umeshawahi kufika kule juu?"

Nikamjibu ndiyo. Ulikuwa uongo, na ulinikaa kooni wiki nzima.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Tunaosoma ualimu tunajiandaa kufundisha nchi ambayo wengi wetu tumeiona kwenye madesa tu. Tunasubiri safari ya mafunzo, safari inaahirishwa kwa kukosa bajeti, tunafanya mtihani, tunafaulu. Halafu tunakwenda kuwachorea watoto pembetatu.

Jumamosi ile nilimwomba mwenzangu tuliyepanga naye chumba anisindikize. Akauliza atalipwa shilingi ngapi. Basi nikaenda mwenyewe, saa moja asubuhi, na chupa ya maji, chapati mbili na raba za kanisani. Nilikuwa naelekea Morningside, jengo la kale la Wajerumani lililo kwenye mita kama 1,300 juu ya usawa wa bahari.

Somo la kwanza lilikuwa la adabu. Mimi nahema kila baada ya kona, akina mama wanateremka na mizigo ya mboga kichwani kwenda sokoni, wanasalimia huku wanatembea. Mlima tunaouita matembezi, kwao ndiyo njia ya kazini.

Nilipofika juu nikakaa kwenye jiwe. Ulikuwa msimu wa kusi. Mawingu yalikuwa yanatokea upande wa mashariki, yanapanda hadi kwenye vilele, yanamwagika kidogo upande wetu, kisha yanayeyuka kabla ya kufika mjini. Nikatazama kwa muda mrefu. Ile ilikuwa pembetatu yangu, mishale na vidoti na yote. Chini kabisa niliona mabati ya mji, na shule yangu ipo mahali fulani mle, upande niliouandika "ukame".

Kijito nilichovuka asubuhi kinaingia mto Morogoro, nao unaingia Ngerengere, na Ngerengere unaingia Ruvu. Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Maana yake maji tunayogombea kwa ndoo hosteli yanaanzia kwenye miteremko hii, na mkulima wa huku akipoteza udongo, sisi tunaoga tope.

Hapo kuna somo lingine. Njiani nilimkuta bibi mmoja akipalilia shamba lililosimama kama ukuta. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kwa mshangao, "Peke yako, mjukuu wangu?" Kisha nikamuuliza, kijuaji kidogo, kwa nini hachimbi matuta. Akacheka. Akasema wazee wake walishachimbishwa matuta na Mwingereza, wakayakataa.

Hilo nililisoma mwaka wa pili: mwaka 1955 Waluguru waliupinga mpango wa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na serikali ya kikoloni ikauacha. Nililikariri kama tarehe. Pale shambani nikaelewa kwa nini mtu anaweza kukataa hata jambo lenye faida, akiletewa kwa amri na watu wasiouliza udongo wake una kina gani. Mwalimu wa kesho anahitaji kulijua hilo kuliko tarehe yenyewe.

Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Wakati wa kurudi yalishuka manyunyu, raba zikateleza, nikaanguka na kuchubuka goti. Simu ilishazima, na hakuna mtu aliyejua hasa nilipita njia ipi. Yule yule bibi ndiye aliyenitafutia mjukuu wake wa kunifikisha barabarani. Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba mkajitie ushujaa. Nenda hata kama hakuna wa kwenda naye, lakini acha taarifa, mlipe kijana wa pale akuongoze, na ukitaka kuingia msitu wa hifadhi fuata kibali.

Najua majibu yenu. Hela hakuna, mimi siku ile sikumaliza elfu kumi, na wapo wanaobeti zaidi ya hapo Jumamosi hiyo hiyo. Muda hakuna, sawa, lakini ni siku moja. Kupanda milima ni mambo ya wazungu. Mwambie hivyo yule mama mwenye mzigo wa karoti.

Jumatatu niliingia darasani nikichechemea. Nikawaambia ukweli: wiki iliyopita niliwadanganya, sasa nimefika. Kisha nikawageuza wote watazame dirishani, nikafundisha upya bila kuchora. Yule kijana akanyoosha mkono tena.

"Madam, kwa hiyo sisi tutaenda lini?"

Sikuwa na jibu. Sisi tunaokwenda field mwaka huu tuwe nalo.