Kibarazani: Simu Chini ya Mto

Macho yetu ni mazito. Mitihani ya katikati ya muhula imekwisha, na kwenye kikao chetu cha mwisho watu watatu walisinzia hata kabla chai haijamiminwa. Ndipo tukaulizana: kwani nani hapa analala?

Kila mtu aliilaumu simu. Ni kweli, lakini si video tu zinazotukesha. Sisi tunafuata saa za hapa mashariki ya Marekani na saa za nyumbani pia. Novemba hii saa za hapa zimerudishwa nyuma, na kwa kuwa za Afrika Mashariki hazibadilishwi, tofauti imetoka saa saba hadi nane. Kwao ikiwa saa tatu asubuhi, watu wamekwisha kunywa chai na wana habari za kusimulia, kwetu ni saa saba usiku. Kundi la familia linachangamka wakati tunavuta shuka.

(Tusimsahau mwenzetu aliyeambiwa na mama yake aamke saa mbili asubuhi, naye akatega simu saa 2:00. Aliamka saa nane za usiku, akapiga mswaki, akavaa na viatu.)

Basi tulijaribu mambo machache kwa wiki mbili. La kwanza, chai. Tulizoea kuchemsha chai ya maziwa na tangawizi saa nne usiku ili tusome. Kafeini haitoki mwilini upesi. Baada ya saa tano hivi, nusu yake huwa bado imo. Sasa jioni tunachemsha tangawizi bila majani. Si tamu vile, tusidanganyane. La pili, kulala baada ya darasa la mwisho. Bibi zetu wa pwani wanakataza kulala magharibi, nasi tulikuwa tukiwacheka. Kumbe anayelala saa kumi na moja jioni akaamka saa mbili usiku, hana usingizi tena mpaka karibu na alfajiri. La tatu, kuamka saa ileile kila siku, hata Jumamosi. Hilo lilitushinda wengi. Wataalamu wanasema mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Wengi wetu tulifika sita, na hata hizo tulizisikia darasani.

Lililotugusa zaidi ni la mwenzetu mmoja ambaye bibi yake, huko Tanga, amekuwa mgonjwa tangu Agosti. Muhula mzima alilala na simu chini ya mto, sauti juu kabisa. Kila ilipolia aliruka, na mara nyingi ilikuwa picha ya harusi ya mtu au dua ya asubuhi. Tulipomwambia aiweke mbali alitukasirikia. Alisema, "Nyinyi bibi zenu wazima." Tukanyamaza, kwa sababu alikuwa na haki.

Mwishowe alimweleza shangazi yake, anayemuuguza bibi. Aliogopa ataonekana amechoka na watu wake. Shangazi alishangaa: "Mwanangu, kumbe kwenu ni usiku wa manane? Lala. Likitokea jambo nitakupigia mwenyewe, nitapiga mara mbili."

Sasa simu yake imenyamazishwa usiku isipokuwa kwa namba ya shangazi, nayo iko juu ya kabati. Wanaongea Jumamosi saa tatu asubuhi ya hapa, ambayo kwao ni saa kumi na moja jioni, jua limepungua na bibi ametolewa nje kupunga upepo. Anasema bado huamka usiku mara moja moja, anasikiliza, kisha anageuka upande wa pili. Jumamosi iliyopita bibi aliishika simu mwenyewe, akauliza kama huko Marekani kuna baridi.