Daftari la Ubatizo Lisiachiwe Flashi



Kompyuta imeingia katika ofisi za parokia, nami nafurahi. Lakini wapo wanaosema kwamba sasa ubatizo uandikwe humo tu, nakala iwekwe kwenye flashi, na yale madaftari makubwa yastaafu. Sikubaliani nao.

Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. Pembeni mwa jina la mbatizwa huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri za daima. Frateri anayeomba ushemasi na binti wa Nkwenda anayefunga ndoa Mwanza wote wanahitaji ukurasa ule wa utotoni. Kwa hiyo maandishi hayo yanatakiwa kuishi umri wa mtu, miaka 70 au 80.

Flashi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndani yake maneno hushikwa na chaji ndogo sana za umeme, na ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa, chaji huvuja polepole, joto huharakisha. CD za kurekodi nyumbani zina rangi inayoharibiwa na mwanga na joto. Diski kuu ya kompyuta yenye vyuma vinavyozunguka nayo huchakaa. Tena chombo chaweza kuwa kizima, ila mashine ya kukisoma imetoweka. Disketi ya inchi 3.5 ilibeba megabaiti 1.44, Sony iliacha kuiuza mwaka 2011. Leo ukimletea katibu wa parokia disketi, ataiingiza wapi? Hata laptopu mpya nyingi hazina tundu la CD.

Najua, karatasi nayo ina mchwa na paa linalovuja. Ila daftari likianza kuoza unaliona kwa macho. Flashi hufa kimya, ukagundua siku mtu amekuja kuomba cheti.

Basi daftari libaki la kwanza, kwa wino usiofutika, ndani ya kabati la chuma. Kurasa zipigwe picha, nakala mbili zikae sehemu tofauti, moja nje ya parokia kabisa, na zifungwe kwa neno la siri, maana mna siri za familia za watu. Kila Januari katibu azifungue zote mbili aone kama zinasomeka, na baada ya miaka michache ahamishie kwenye chombo kipya. Mafrateri wakiwa likizo wanaweza kuanza na madaftari yaliyochakaa zaidi, paroko akiridhia.