Akili mnemba: Usukani abaki nao nani?

Wafanyabiashara wengi wa Tanga hupita Tongoni wakielekea Pangani bila kusimama. Wanaosimama ni wachuuzi wa samaki, pamoja na wageni wachache wanaokuja kutazama magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Wiki hii safu hii inawaomba wasomaji wake wasimame hapo kidogo. Katika mabenki na masoko ya hisa duniani kote watu wanaulizana: akili mnemba ikimzidi binadamu kwa maarifa, itakuwa mtumishi wake au bwana wake? Sehemu ya jibu iko katika maji ya kijiji hiki.

Aprili 1498, meli ya São Rafael ya msafara wa Mreno Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya Mtang'ata, jina la zamani la Tongoni. Wageni hawakuijua bahari hii. Walipofika Malindi walipewa rubani, naye akawavusha hadi Calicut, India, kwa muda usiofika mwezi mmoja. Wakati wa kurudi, da Gama aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba bila kungoja kaskazi ishike. Safari ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wengi walikufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Januari 1499 São Rafael ikachomwa moto na wenyewe, katika maji yale yale ilikokwama.

Kwa mtu wa biashara, hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, aliyejua zaidi ndiye aliyetumika. Rubani alikuwa na elimu. Da Gama alikuwa na mizinga na amri ya wapi meli iende. Elimu ile haikuwaletea faida watu wa pwani: mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa na Mombasa. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mashine itatumikia, tumwulize itamtumikia nani. La pili, aliyetumia elimu ya mwenzake bila kuijua mwenyewe alilipa kwa meli na kwa roho za watu.

Wapo wanaoona hatari kubwa zaidi. Geoffrey Hinton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024 kwa kazi iliyochangia kuzaliwa kwa akili mnemba ya leo, aliacha kazi Google mwaka 2023 ili aweze kuzungumza kwa uhuru juu ya hatari zake. Hoja yake ni kwamba ni nadra kuona chenye akili kidogo kikikitawala chenye akili nyingi. Mtaalamu mwenzake, Yann LeCun, anasema hofu hiyo imekuzwa mno, kwa kuwa kuwa na akili si sawa na kuwa na tamaa ya kutawala.

Kwa maoni ya safu hii, mashine haihitaji tamaa ili ilete hasara. Agosti 1, 2012, programu yenye kasoro ya kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilinunua na kuuza hisa ovyo kwa muda wa dakika 45 hivi. Kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440, na haikupita mwaka kabla ya kuunganishwa na nyingine. Programu ile haikuwa na akili ya kumshinda mtu yeyote. Ilikuwa na kasi tu, na waliokuwa zamu hawakujua waizime vipi. Ikiwa hayo yalifanywa na mashine isiyojua kitu, ile itakayojua kuliko sisi tutaisimamisha kwa njia gani?

Tusidhani jambo hili liko New York tu. Mikopo ya simu hupimwa na programu. Mchuuzi anayekopa usiku ili anunue samaki Tongoni alfajiri huambiwa kiwango chake, au hunyimwa, kabla mashua haijarudi, na hapewi sababu. Tajiri aliyemkopesha zamani huenda alimnyonya, lakini alijua kwamba kusi ikivuma samaki huadimika, na aliweza kubembelezwa. Programu inahesabu miamala, bahari haiioni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Huko, aliyeshika usukani hata jina lake halikujulikana.

Tuliosomea biashara tulifundishwa kwamba wenye hisa huajiri meneja anayejua kuliko wao, na ili asiwageuke humwekea mkaguzi, mkutano mkuu na haki ya kumfukuza. Mashine nayo ifanyiwe vivyo hivyo. Kwanza, anayenyimwa mkopo kwa hesabu ya mashine apewe sababu, na awepo mtu wa kumsikiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tayari inagusia maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Kilichobaki ni wateja kuidai. Pili, kila taasisi inayoachia fedha za watu mikononi mwa programu ionyeshe nani anaweza kuizima, na kwa dakika ngapi. Tatu, na hili ni la msomaji mwenyewe: usinunue hisa wala usichukue mkopo kwa ushauri wa programu ambao huwezi kuueleza kwa maneno yako. Weka daftari lako, jua msimu wako.

Mashine yenye maarifa kutuzidi inaweza kutufaa sana, kama rubani wa Malindi alivyowafaa wageni. Itatutumikia maadamu tunaweza kuikatalia. Siku tutakapokuwa tumesahau kusoma upepo wenyewe, haitakuwa na haja ya kutupindua. Tutakuwa tumeshaikabidhi usukani kwa hiari yetu.