Ushindi Uliokausha Hazina

Mwanazuoni wa Kimarekani Charles Tilly ana hoja inayojulikana sana kuhusu vita na dola. Wafalme wa Ulaya walihitaji fedha za kupigania, wakasaka kodi. Ili kodi ipatikane wakaajiri makarani, wakahesabu watu, wakapima mashamba. Vita vikaisha, makarani wakabaki. Vyuoni mwetu hoja hiyo hufundishwa kama kanuni ya maumbile. Toleo hili linaipima kwa Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, na kwa maoni yangu inachechemea.

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliteka eneo la Tanzania la kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Katika miezi hiyo michache Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa 1964 baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, lilikua zaidi ya mara mbili kwa kuchota mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na askari magereza. Malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi, yalichukuliwa kupeleka askari na shehena. Serikali iliita, watu wakaitika.

Ila nguvu hiyo ilikuwa ya chama tawala, CCM, na mabalozi wake wa nyumba kumi. Hazina haikuwa nayo. Vita vilikadiriwa kugharimu dola za Marekani milioni 500, na nchi ilikuwa na akiba haba ya fedha za kigeni. Mwalimu Nyerere aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, mikanda ikatobolewa tundu jingine. Waliokuwapo hawahitaji takwimu: foleni ya sukari tangu alfajiri, jiwe likimshikia mtu nafasi, sabuni ya mche ikikatwa vipande ili kila nyumba ipate, unga wa yanga ambao watoto waliukataa siku ya kwanza tu. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, bei ya mafuta na bei ya kahawa vilichangia, tena sana. Anayeitwika Kagera mzigo wote anadanganya. Hata hivyo, vita ndivyo vilivyoondoa nafasi ya kujikongoja.

Mwaka 1983 serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi kwa sheria maalumu, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mlanguzi akasakwa kwa ari ileile aliyosakwa nayo nduli Amin. Huko ndiko naona alama ya kudumu ya vita: dola iliyokosa mapato ilibaki na lugha ya mapambano.

Unyamwezini na Usukumani mambo yalikwenda njia nyingine. Bunduki zilizotokana na vita zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukashamiri, polisi wakawa mbali au hawana mafuta ya gari. Wanavijiji wakajipanga wenyewe: usiku yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka na upinde na mishale, na asiyetoka anatozwa faini. Hao ndio sungusungu. Chama kiliwapokea kwa furaha, wanasheria kwa mashaka, na mashaka yao hayakuwa bure, kwa kuwa wapo waliopigwa na kufukuzwa vijijini bila kusikilizwa. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Tilly alisimulia dola inayowanyang'anya raia silaha. Hapa dola ilihalalisha mishale.

Hata Uganda, iliyokombolewa, haikupata dola imara: ilipitia serikali nne kati ya Aprili 1979 na Desemba 1980, kisha ikarudi vitani, safari hii msituni.

Mmoja wa waandishi wetu anasema vita viliimarisha utaifa wa Watanzania kuliko sera yoyote, na kwamba napima dola kwa daftari la mhasibu. Sikubaliani naye, lakini makala yake nimeitanguliza, kwa sababu ametumia muda mwingi Muleba, karibu na makaburi ya askari wa vita hivyo huko Kaboya, akiwauliza wajane wa mgambo jambo ambalo hata daftari langu halina: nani alilipwa nini, na lini.