Treni Ije, Lakini Mwenyeji Asihamishwe Kimya Kimya

Hatujaona mtu Mombasa anayepinga treni. SGR ilipoanza safari mwaka 2017, abiria walishushwa Miritini, kisha wakaanza kutafuta matatu ama tuktuk ya kuwaleta mjini. Mpango wa kuifufua reli ya zamani, ili treni ya abiria iunganishe Miritini na stesheni ya kisiwani, ni jambo jema na limechelewa. Mama anayefanya kazi mjini na kulala Changamwe anajua foleni inamla saa ngapi kwa wiki.

Shida si treni. Shida ni karatasi zinazofuata treni.

Stesheni ikifufuliwa, wapangaji wa miji hutaka kubadilisha matumizi ya ardhi iliyo karibu nayo, umbali wa kutembea kwa miguu. Palipokuwa na nyumba ya chini paruhusiwe ghorofa, palipokuwa na makaazi peke yake pawe na maduka na afisi. Hoja yao ina maana: watu wengi wakiishi karibu na reli, magari hupungua barabarani na treni hupata abiria. Lakini mara tu ramani inapobadilishwa, ardhi hupanda bei, hata kabla treni ya kwanza kupiga honi. Na bei hiyo imepandishwa na reli iliyojengwa kwa pesa ya umma. Sasa nani atakula faida, na nani ataambiwa ahame?

Hapa kwetu swali hilo ni zito. Toka stesheni ya Mombasa, pita Mwembe Tayari, ingia Majengo. Utakuta watu wana nyumba lakini hawana ardhi. Nyumba ilijengwa na babu, ikarithiwa na watoto, na mpaka leo familia inamlipa mwenye ploti kodi ya ardhi. Ploti hiyo ikiruhusiwa ghorofa kumi, mwenye ardhi ana kila sababu ya kuuza. Mwenye nyumba atabaki na mawe na mabati mkononi. Mpangaji wa chumba kimoja ndani ya nyumba hiyo, huyo hata kwenye mpango hatajwi.

Usidhani tunatishana. Kule Muthurwa, Nairobi, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wakaazi walipewa notisi mwaka 2010. Kabla mambo kutulia maji yakakatwa na vyoo vikabomolewa. Walienda kortini, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilikiukwa. Walishinda, lakini ni miaka mitatu ya kuhangaika. Mwaka 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hati miliki, lakini wana haki ya makaazi inayolindwa. Wanaoishi kwenye hifadhi ya reli wazingatie hilo.

Sheria ipo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makaazi yanayofaa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 10 kinataja ushirikishaji wa umma kama msingi wa utawala. Sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka maombi ya ujenzi yatangazwe ili wananchi watoe pingamizi, na ukikataliwa kuna kamati ya rufaa ya kaunti, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sheria ya Ardhi nayo inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya mtu kufurushwa. Lakini tangazo dogo la Kiingereza gazetini, na mkutano wa hoteli saa nne asubuhi siku ya kazi, huko si kushirikisha watu.

Msimamo wetu ni huu. Kabla ghorofa moja kuongezwa karibu na stesheni, kaunti ihesabu watu wote walioko: wenye nyumba bila ardhi, wapangaji, na wachuuzi wa barabarani. Mwenye nyumba alipwe thamani ya nyumba yake, si ya mabati. Anayejenga ghorofa atenge sehemu ya nyumba kwa kodi ambayo wenyeji wa sasa wanaimudu, na haki ya kurudi iandikwe kwenye kibali, si kwenye hotuba. Wachuuzi wapewe nafasi pale pale abiria wanapopita. Na watu wasiongezwe kabla ya maji na mitaro ya maji taka, maana hata sasa mfereji hutoa maji kwa zamu.

Nawe msomaji una kazi. Weka risiti zote za kodi ya ardhi, hata zile kuukuu. Andikeni majina ya wakaazi, nyumba kwa nyumba. Nendeni afisi ya mipango ya kaunti mkaombe ramani kwa barua, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mkutano ukiitwa, msiende wawili watatu. Jazeni ukumbi, na mseme kwa Kiswahili.

Ramani ikishapitishwa, kuibadilisha ni kazi ya mawakili na miaka. Kabla ya hapo ni kazi yetu sisi.