Dada Staa, Huo Mwembe Umeupanda na Kiriba Chake!

Mjini hapa kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, ila wadau wa Insta wameshamjua. Januari hii joto la Dar limechachamaa, watu wanalala sakafuni, yeye kaamua kuwa mtu wa mazingira. Kila baada ya siku mbili anatupia kitu. Leo kashika jembe, kesho yuko msituni, keshokutwa ananusa ua kafumba macho. Komenti zinamiminika: "malkia wa bustani", mioyo ya kijani kibao.

Haya, irudieni ile video ya mwembe. Saa saba mchana, jua la utosi, gauni jeupe hadi chini, kucha ndefu kama vijiko. Shimo limeshachimbwa. Akatumbukiza mche, akasukumia udongo kwa ncha ya kiatu, akacheka, basi. Kiriba hakikutolewa! Ule mfuko mweusi wa nailoni ambao mche unakuja nao kutoka kitaluni unachanwa kwanza ili mizizi ipate kupenya. Ukiuacha, mizizi inajizungusha mle mle kama mtu aliyefungiwa chumbani, mche unadumaa au unakufa kabisa. Mtoto yeyote aliyewahi kupanda mti shuleni analijua hilo. Halafu nani anapanda mti saa saba mchana Januari, vuli imeisha na masika bado? Anayelazimika anasubiri jioni, anamwaga maji ya kutosha, anatandika majani makavu juu ya udongo ili unyevu usipotee, na kesho yake anarudi tena na ndoo.

Aliyechimba lile shimo naye yupo. Anaonekana nusu sekunde, kijana wa bustani kavaa kandambili, jasho linamchuruzika, halafu inasikika sauti: "We dogo sogea, unaharibu picha." Dogo akasogea. Huyo ndiye anayeamka alfajiri kumwagilia, ndiye anayejua kona ipi ina kivuli na mche upi umeingiliwa na wadudu. Kwenye shukrani za posti katajwa msusi, katajwa mpiga picha, limetajwa na duka la magauni. Dogo hola.

Wiki iliyofuata, Pugu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi iko Kisarawe, siyo mbali, daladala hadi Gongo la Mboto kisha nyingine ya Kisarawe. Msitu wa asili kweli, na mapango yenye popo. Ukitembea mle taratibu unamsikia ndege kabla hujamwona, na mwili unapoa bila feni. Staa kaenda na watu wanane na spika kubwa, ngoma yake mpya inagonga. Ndege gani atakaa hapo? Chini ya picha akaandika anasikiliza sauti ya asili. Ulikuwa unajisikiliza mwenyewe, dada.

Timu yake itakuja juu: "Si bora anahamasisha?" Anahamasisha nini? Chini ya ile ile video kuna watu walionunua miche kwa hela zao, wakapanda kama alivyopanda yeye, sasa imekauka, wanaandika "mimi mkono wangu haujabarikiwa". Mikono yao haina tatizo lolote. Wamefundishwa vibaya. Mtu wa chumba kimoja Mbagala akijaribu mara moja akashindwa, hela yake ikaenda, harudii tena. Hiyo kiki imemgharimu yeye, siyo staa.

Na kumbukumbu za mjini hazifutiki. Huyu huyu ndiye aliyemcheka msanii mwenzake redioni kwa sababu analima, eti ushamba haujamtoka. Jembe la mwenzako ushamba, la kwako maisha ya kistaa?

Raha yenyewe wala haihitaji uwanja. Huko uswahilini kuna dada zetu wapangaji wana ndoo mbovu na magunia mlangoni. Ndoo inatobolewa chini, inatiwa udongo na samadi, mchicha unamwagwa, wiki tatu nne wanachuma. Matembele ndiyo kabisa, unachomeka kipande cha shina kinashika chenyewe. Jioni jua likipoa wanamwagilia kwa kopo huku wanapiga stori na mama mwenye nyumba. Hakuna anayewarekodi, na mboga wanakula.

Dada staa, hujachelewa. Huo mwembe una wiki mbili tu udongoni. Mwite dogo, kwa jina lake, aufukue taratibu jioni, akichane kiriba, aurudishe na maji ya kutosha. Safari hii kamera imfuate yeye, na wewe ndiye usogee.

Wadau, jina msiliandike kwenye komenti, tutakosana. Ila picha za ndoo zenu tupieni.