Udhaifu Nao Uwe Kadi

Sisi wa Bukoba na Muleba tusafirio kwa ndege kupitia Dar es Salaam twaujua ukumbi wa abiria maalumu. Huingia mwenye tiketi ya daraja la juu, au kadi ya shirika kwa kuwa husafiri mara kwa mara. Hatulaumu starehe iliyolipiwa. Twauliza: mgonjwa anayesubiri ndege ya pili, apumzike wapi?

Jibu tulilipata hapa kwetu. Novemba 6, 2022 ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. 19 walifariki, 24 walinusurika. Wavuvi waliowahi kwa mitumbwi hawakuuliza daraja la tiketi; walitazama uhitaji. Kanuni za ukumbi nazo ziutazame: udhaifu wa mwili uwe kadi tosha.